Kabla ya Kuongeza Vitanda

Maneno ya wauguzi wazaliwa wa kata yetu kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama



Tangu KCMC ifunguliwe mwaka 1971, sisi watu wa mlimani tumezoea kusema mgonjwa akizidiwa apelekwe Moshi. Lakini usiku wa masika, barabara ikiteleza, mama mwenye uchungu hupokelewa kwanza na muuguzi wa huku huku juu, kwenye kituo chetu cha afya.

Vitanda mlivyochangia vinatumika, na tunashukuru. Ila tuseme ukweli, kama watoto mbele ya wazazi: kitanda hakimgeuzi mgonjwa. Vitanda vimeongezeka, zamu ya usiku bado ni ya wauguzi wawili. Mmoja akiwa chumba cha kujifungulia, mwenzake ndiye wodi nzima.

Muuguzi wa usiku hushuka kwenye daladala pale lami, akapanda kwa miguu gizani kati ya migomba. Akifika hana pa kubadilishia nguo wala pa kuchemshia chai, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Asubuhi ndugu wa mgonjwa anakuja na chupa ya mtori, anauliza jambo, anajibiwa kwa mkato. Tunakiri, kauli zetu nyingine si nzuri. Hatuombi mzitetee. Tunaomba mjue zinakotoka.

Mishahara na ajira mpya ni za mwajiri, na tunaendelea kuzidai huko. Kwenu tunaomba mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa chama.

Kwanza, stoo ya zamani ikarabatiwe iwe chumba cha wauguzi: vitanda viwili, mablanketi, jiko la gesi, na choo chenye kufuli.

Pili, taa za sola kutoka lami hadi getini, na bodaboda mmoja anayefahamika alipwe kwa mwezi kuwapandisha na kuwashusha wa zamu ya usiku.

Tatu, kamati ya afya iketi na wauguzi kila miezi mitatu, kabla ya kuamua kinachonunuliwa. Tulishaletewa mashine nzuri, hakuna aliyefundishwa kuitumia. Ipo mpaka leo, imefunikwa shuka.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa na kukumbushwa kwamba uuguzi ni wito. Ni kweli. Lakini aliyeitwa naye anahitaji kula, kupumzika na kufika kwake salama.

Ndugu zetu, kwetu mama akijifungua hupikiwa mtori, hashiki jembe mpaka nguvu zirudi. Kutunza mtu tunajua. Tunaomba desturi hiyo imfikie na yule aliyempokea mtoto.

Sisi wenyewe tumeshaanza: tumechanga, na magodoro mawili yameshanunuliwa. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya mlangoni. Msipite bila kuandika jina.