Mwenendo wa Mke Nyumbani: Neno la Akina Mama wa Kwaya



Padre Paroko, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, baba zetu, mama zetu, vijana, na wanakwaya wenzetu kutoka parokia jirani mliokuja kusherehekea nasi jubilei hii ya fedha: karibuni sana. Kamati ilitupa sisi akina mama wa sauti ya kwanza na ya pili dakika kumi na tano tuzungumze juu ya mwenendo wa mke Mkristo katika ndoa. Tulicheka kidogo tulipopewa mada hiyo, kwa sababu akina baba wa sauti ya tatu na ya nne hawakupewa yao. Lakini tumeipokea. Tumekaa mara tatu baada ya mazoezi kuiandaa, kwa hiyo haya si maneno ya mtu mmoja.

Tuanze kwa kujisema wenyewe. Zamani kidogo, mume wa mmoja wetu alisimama katika mkutano wa jumuiya akasema kwamba yule mama anayeimba vizuri pale mbele ya altare, yeye hajawahi kukutana naye nyumbani. Watu walicheka sana. Mwenzetu hakucheka. Sisi pia, tulipofika nyumbani, kila mmoja alijiuliza la kwake. Sauti tunayoitunza wiki nzima kwa tangawizi na asali, jioni ya mazoezi tunafika nayo mlangoni tukimfokea mtu kwa sababu jiko limezimika. Wengine wetu tulichukua mkopo wa chama ili tupate sare mpya, mzee nyumbani hana habari, akaja kujua siku wenzetu wa chama walipofika kuulizia televisheni. Hayo tunayakiri, na hatutayarudia hapa marefu. Wenye nyumba zao wanayajua.

Sasa tuje kwenye Neno. Mnaifahamu sura ya tatu ya Waraka wa Kwanza wa Petro, ambapo mtume anawaambia wake wawe watii kwa waume zao, ili hata mume asiyeliamini Neno avutwe na mwenendo wa mkewe bila maneno. Petro aliwaandikia Wakristo waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, na wengi wao walikuwa wachache katikati ya watu wasioamini. Mwanamke aliyebatizwa huku mumewe angali anaabudu miungu ya nyumbani kwao alikuwa na swali gumu: nimhubirie kila siku, nimwache, au nifanyeje? Petro anamjibu kwamba mume huyo ana macho. Atamwona anavyoishi.

Na sisi tumeliona hilo kwa macho yetu. Kuna mwenzetu ambaye mumewe hakuingia kanisani kwa miaka kumi na moja. Hakumsema vibaya, wala hakumwombea kwa sauti kubwa ili asikie upande wa pili wa ukuta, jambo ambalo baadhi yetu tumelifanya, Mungu atusamehe. Mazoezi yalipokuwa yakichelewa, baba yule alianza kuja kumchukua kwa pikipiki. Mwanzoni alisubiri barabarani. Kisha langoni, kwa sababu ya mvua. Kisha mlangoni. Siku moja kinanda kilihitaji kubebwa, akaitwa asaidie, naye tangu siku hiyo ndiye anayekibeba. Alibatizwa usiku wa Pasaka. Hakuna aliyemhubiria.

Kwa hiyo hatusimami hapa kulipinga neno la Petro. Tunasimama kwa sababu tulilitumia vibaya.

Kulikuwa na dada yetu katika kwaya hii, wa sauti ya pili. Tunasema habari zake kwa ruhusa yake, na jina lake hatulitaji. Alianza kuja mazoezini amejifunga kitambaa hadi shavuni wakati wa joto. Halafu akaacha kuinua mkono wa kushoto tulipokuwa tukicheza wimbo wa sadaka. Tulijua. Msidhani hatukujua. Siku alipotufungulia moyo, tulikuwa wanne, tukakaa naye nyuma ya ukumbi, tukamsomea sura hiyo ya Petro. Tukamwambia anyamaze, aombe, asimjibu, apike vizuri, amshinde kwa upole. Mmoja wetu alimwuliza amemkosea nini mumewe. Mwingine akamwambia kwamba akiondoka atakuwa amevunja sakramenti. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatushukuru. Akarudi nyumbani. Baada ya wiki chache alilazwa hospitalini akiwa amevunjika mkono na mbavu, na alipotoka huko hakurudi kwake wala kwetu. Alipanda matatu na watoto wawili akaenda kwa mama yake.

Tulipokuwa tukiandaa neno hili, mmoja wetu alileta habari za Mtakatifu Monika, msimamizi wa akina mama, ambaye sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti. Monika ni Mwafrika mwenzetu, wa Tagaste, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria. Mumewe Patrisi hakuwa Mkristo, alikuwa mwepesi wa hasira, na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Mwana wao, Mtakatifu Augustino, ameandika jinsi mama yake alivyongoja hasira ya mumewe ipoe kabla ya kuzungumza naye, na jinsi Patrisi alivyompokea Kristo mwishoni mwa maisha yake. Hayo tulikuwa tukiyajua na kuyasimulia. Lakini Augustino anaandika pia kwamba wake wa jirani walikuwa wakija kwa Monika wakiwa na alama za kipigo usoni, naye akiwalaumu kwa ajili ya ndimi zao. Tulinyamaza tuliposikia hayo. Ndivyo tulivyomfanyia mwenzetu, nyuma ya ukumbi. Tukatambua pia jambo ambalo hatukuwahi kulipima: Augustino anasema haikusikika hata siku moja kwamba Patrisi alimpiga Monika. Ushauri wake ulitoka katika nyumba yenye hasira lakini isiyo na kipigo, akawapa wanawake wa nyumba za namna nyingine. Tunampenda Mtakatifu Monika na tutaendelea kumwomba atuombee. Hata hivyo, mtakatifu naye anaweza kumshauri jirani vibaya.

Tukarudi kwenye Biblia, tukakaa zaidi na Abigaili, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 25. Mumewe Nabali alikuwa tajiri, mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja, na tabia yake ilikuwa ngumu. Wakati wa kukata manyoya ya kondoo, Daudi alituma vijana kumi wamwombe chakula, kwa kuwa watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali kule nyikani. Nabali akawatukana. Daudi akajifunga upanga, akaondoka na watu mia nne, akiwa ameapa kwamba asubuhi hapatabaki mwanamume hai katika nyumba ile.

Angalieni mama huyu alifanya nini. Mtumishi alipomletea habari, alipakia punda mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotengenezwa tayari, bisi, zabibu kavu na mikate ya tini, akaenda. Maandiko yanasema wazi kwamba hakumwambia mumewe. Akamsujudia Daudi, akasema naye kwa hekima, tena kwa maneno mengi, hata akamtaja Nabali kuwa mpumbavu kama jina lake lilivyo. Daudi akamshukuru Mungu kwa kumtuma mwanamke huyo aliyemzuia asimwage damu. Abigaili aliporudi alimkuta mumewe amelewa katika karamu kama ya mfalme, asimwambie neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi. Kulipokucha na divai imemtoka, akamwambia yote.

Mke yule yule alijua saa ya kunyamaza na saa ya kunena, na hakuna mahali ambapo Maandiko yanamlaumu. Kuna Sara pia, ambaye Petro mwenyewe anamtaja kuwa mfano wa utii. Huyo ndiye aliyemwambia Abrahamu jambo zito lililomhuzunisha sana, na Mungu akamwambia Abrahamu asikilize sauti ya mkewe. Ni Mwanzo 21. Na mwishoni mwa aya ile ile ya sita tuliyomsomea dada yetu, Petro anawataka wake wasitishwe na tishio lolote. Hapo hatukusoma. Wala hatukufika aya ya saba, inayowaambia waume waishi na wake zao kwa akili na kwa heshima, sala zao zisije zikazuiliwa.

Kuhusu sakramenti, tulimdanganya bila kujua. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinakubali kwamba mwenzi anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa sababu halali ya kuishi mbali naye, na kama kuchelewa kuna hatari, anaweza kuondoka bila kusubiri uamuzi wa Askofu. Kifungo cha ndoa kinabaki. Anayeondoka ni mtu, ili awe hai. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliuita ukatili dhidi ya mke kuwa woga, wala si nguvu za mwanamume. Serikali yetu nayo ina sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mtesaji asimkaribie anayeteswa. Laiti tungeyajua hayo siku ile. Lakini hata bila sheria yoyote, kile kitambaa shavuni tulikiona.

Baba zetu, msituelewe vibaya. Wengi wenu mnatungojea na chakula mezani siku za mazoezi, na tunajua nani anapika.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulipanga safari tukaenda kwa dada yetu, wale wanne. Alitukaribisha chai. Tulimwomba msamaha, kila mmoja kwa kinywa chake, na yule aliyeuliza amekosea nini alishindwa kumaliza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatuuliza kama mazoezi bado ni Jumamosi. Siku hizi anaimba katika parokia ya huko. Tukampa mwaliko wa jubilei. Alisema atakuja, ila atakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Tafadhalini, msigeuke kumtazama.