Ufunguo usibaki ndani ya nyumba: maneno yetu kwa vijana wa Mapendo

Leo hatuongei juu ya barabara wala maji. Tunaongea juu ya ile kodi ya namba sita ambayo aplikasio ya telefone inatoa pale unapotaka kuingia mu konti yako.

Mutasema kuna shida kubwa kuliko hiyo. Ni kweli. Lakini mwenzetu mumoja, mwenye diploma sawa sisi, alituma barua za kuomba kazi miezi na miezi. Siku moja wakamunyanganya telefone mu Birere. Akanunua ingine ya okazio, akaandika neno lake la siri, likakubaliwa. Halafu konti ikamuomba kodi, na kodi ilikwenda na mwizi. Alipambana siku nane. Alipofaulu kuingia, alikuta barua ya kumwita kwenye mahojiano ya kazi, tarehe yake ilipita juzi. Hakuna aliyemukatalia kazi. Ilimupita tu, yeye akiwa inje ya mulango wake mwenyewe.

Hatutaki mwengine apatwe vile. Basi tuelewe kwanza namna kitu hiki kinatumika. Siku unapofungua ulinzi huo, telefone inapiga picha kale kamraba kenye madoadoa meusi. Ndani muna ufunguo wa siri. Telefone inauweka, na kampuni ya konti inabaki na ule ule. Kila sekunde 30, pande zote mbili zinachukua ufunguo na saa ya wakati huo, zinapiga hesabu, zinapata namba sita. Zikifanana, unaingia. Kanuni hiyo ilitangazwa wazi 2011, ndiyo maana aplikasio za kampuni mbalimbali zinatoa kodi ileile. Haiombi mega wala rezo. Inaomba vitu viwili tu: ufunguo, na saa ya kweli.

Shida ya kwanza ni saa. Kodi inaonekana, unaiandika vizuri, konti inakataa. Inchi yetu ina saa mbili: Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Telefone ikiwa imepangwa kwa saa ya Kinshasa, wengi wetu tunasogeza mishale kwa mukono ili ifanane na saa ya hapa. Macho yanaona saa ni sawa, lakini hesabu ya ndani imekwenda mbele saa nzima, ni kusema kodi 120. Dawa yake: ingia mu parametri, sehemu ya tarehe na saa, uruhusu telefone ijipange yenyewe. Kama rezo haiko, chagua kwanza eneo la saa la Lubumbashi, kisha ndipo urekebishe saa. Munakumbuka Januari 2025, vita ilipoingia mu muji na umeme ukakatika? Kuna telefone ambazo batri ikiisha kabisa, zinawaka tena na tarehe ya zamani. Mukitoka gizani, angalieni tarehe kabla ya kulaumu konti. Na kodi ikibakiza sekunde tatu, usikimbizane nayo, ngoja inayofuata.

Shida ya pili ni telefone kupotea, kuharibika ao kuuzwa. Hapa saa haisaidie, juu ufunguo wenyewe umekwenda. Usifute aplikasio kwa hasira ukifikiri utaiweka upya: ukiifuta bila nakala, funguo zinafutika, na konti itaendelea kuomba kodi. Kabla ya kuuza telefone, hamisha funguo kwanza, ujaribu kuingia na ile mupya, ndipo ufute ya zamani. Aplikasio ya Google, tangu Aprili 2023, inaweza kuweka nakala mu konti ya Google. Ni vizuri, lakini angalia: kama ufunguo wa konti hiyo ya Google uko paka mule ndani, umefunga nyumba na kuacha ufunguo mezani.

Kwa hiyo kuna karatasi. Google inakupa kodi 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike kwa kalamu. Usizipige picha na kuziacha mu telefone ileile. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wakakimbilia Sake, wengi walibeba paka kile kilichokuwa mukononi. Basi nakala moja ikae kwa mama, ingine kwa ndugu unayemwamini upande mwengine wa muji. Kama huna kodi za akiba, omba kurudishiwa konti ukitumia ordinateri ambayo ulizoea kuingilia. Kampuni inakutambua kwa urahisi zaidi.

Shida ya tatu ni sisi wenyewe. Mutu anapiga simu kwa sauti tamu, anasema ni wa kampuni, anaomba namba sita. Mukatalie. Kampuni ya kweli haikupigie simu ikuombe kodi. Ukimupa, umemufungulia.

Na konti zetu za pamoja? Tulikuwa tunaacha ufunguo kwa mutu mumoja. Akiugua, akisafiri, ao akinyanganywa telefone, sauti yetu sote inanyamaza. Tangu leo, siku ya kufungua ulinzi, telefone mbili zinapiga picha kale kamraba pamoja, za watu wawili tunaowaamini. Zitatoa kodi moja.

Kabla ya kwenda nyumbani, kila mutu atoe telefone. Aangalie saa. Atafute kodi zake za akiba. Karatasi na kalamu tumeleta. Mwenye kujua amusaidie asiyejua, na kesho kila mumoja amufundishe mwengine wawili mu avenue yake. Kazi ni haba. Isitupite tena juu ya mulango uliofungwa.