Mama Naye Aulizwe Hali



Mwenzetu akijifungua, twaenda kumwona mtoto. Tunapeleka khanga na sabuni, tunampakata mtoto, tunaaga. Mama hatumwulizi kama analala. (Uji tunaompikia ni mzuri, ila haujibu swali hilo.)

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Ikipita wiki mbili, apelekwe kliniki. Akitokwa damu nyingi, akiwa na homa au akiumwa sana kichwa, tusingoje kesho.

Hivyo tunaomba michango ianze na nauli ya kliniki. Na anayemtembelea afue nguo za mtoto, mama apate usingizi.