Kesho ya Congo tuiandike sisi



Tulitafuta mujini vitabu vya kuwaza kesho: mashini zenye akili, safari za nyota, inchi za kutunga. Madukani hakuna. Lakini kwenye simu viko.

Mu 1863 Jules Verne alitoa Cinq semaines en ballon: Wazungu wanatoka Zanzibar, wanapita juu ya Afrika ndani ya baluni. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika huku! Kiko bure kwenye Project Gutenberg. Omenana, gazeti lililoanzia Nigeria mu 2014, linatoa bure hadisi zenye Waafrika wenyewe wanaandika. Na mutafute Sony Labou Tansi, La vie et demie, ya 1979: dikteta anaua mutu, mutu anakataa kufa. Hiyo inchi tunaijua, ao sivyo?

Mwenye mega apakue, apitishie wenzake kwa bluetooth. Tuwaulize wazee hadisi za Lyangombe, tuzirekodi.

Koltani ya Kivu inaingia mu simu za dunia yote. Mwenye hawazi kesho yake ataletewa kesho ya wengine. Kila kartie ianze kundi lake la kusoma, wiki hii.