Mgonjwa Aliye Safarini

  

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuzungumza juu ya mtu aliyefikwa na mitihani miwili kwa wakati mmoja: ugonjwa na ugeni. Mgonjwa aliye kwake ana mama, mke au ndugu wa kumpa maji. Mgonjwa wa safarini hulala juu ya kitanda cha kukodi, akitazama dari, na shetani humnong'oneza kuwa amesahauliwa.

Jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Katika Ramadhani moja tulikuwa tukienda Bariadi kusomesha. Tuliteremka treni Malampaka, tukapanda gari, na tulipofika Nyalikungu, katika Wilaya ya Maswa, homa ikatushika hata tusiweze kusimama. Asubuhi tukapimwa damu, ikaonekana malaria. Mganga akatupa dawa mseto, akatuagiza tuimeze pamoja na chakula, tuirudie baada ya muda wa saa nane, na tunywe maji mengi. Tukamjibu kuwa tumefunga, na kwamba tutaimeza Magharibi.

Mwanafunzi tuliyefuatana naye akainamisha kichwa, akasema: "Maalim, niwie radhi. Si wewe uliyetusomesha kwamba mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, kisha walipe siku nyingine? Nawe leo u mgonjwa, tena u msafiri."

Tukanyamaza. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiifasiri aya hiyo ya Suratul Baqara mbele ya watu, na siku ilipotuhusu sisi tukaikataa. Tuliudhani ni uchaji Mungu. Kumbe tulichelea kuonekana tukila mchana. Tukameza dawa. Jirani wa nyumba ya wageni, mama wa Kisukuma asiyekuwa Mwislamu, akatuletea uji, akatuamkia kwa lugha yake, "Mwangaluka," wala hakutuuliza dini yetu wala kabila letu.

Usiku ule tulisali kwa kukaa, na huzuni ikatuingia kwa kuikosa Tarawehe. Hapo tukaikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Maana yake ni kuwa mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizitenda alipokuwa mzima, naye yuko kwao. Zingatieni, ndugu zetu: Mtume (S.A.W.) amewataja pamoja mgonjwa na msafiri. Mwili umelala, lakini daftari la thawabu halikufungwa. Basi amesahauliwa na nani?

Hata masahaba walionja uchungu huu. Baada ya Hijra ya mwaka 622, Sayyidna Abubakar na Bilal waliugua homa huko Madina, na Bilal akaililia Makka. Mtume (S.A.W.) hakumkemea kwa kuukumbuka mji wake. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama Makka, na aufanye kuwa mji wa afya. Kulilia nyumbani, basi, si upungufu wa imani.

Ndugu Waislamu, tushike mambo mawili. Ukiugua safarini, tafuta tiba, na uipokee ruhusa ya Mola wako kwa moyo mkunjufu. Asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Aliyekuruhusu ndiye yule yule aliyekuamrisha. Na ukiwa mwenyeji, ulizia wageni walioko mtaani kwako. Huenda nyuma ya mlango uliofungwa yupo mtu anayengoja kikombe cha maji. Yule mama wa Nyalikungu asitutangulie katika wema tulioamrishwa sisi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, walinde wasafiri wetu, na uwarudishe salama kwa watu wao. Amin.