Chapa Shavuni: Wizi wa Dukani na Adhabu Isiyokwisha

Kila wenye maduka wanapofunga hesabu za mwaka na kukuta upungufu, hoja moja hurudi: adhabu ya mwizi wa dukani ni nyepesi, izidishwe, naye ataogopa. Wafanyabiashara wanaipenda hoja hii, wanasiasa wanaishangilia, na hata vitivo vya sheria havikosi watetezi wake. Mhadhara huu umeandaliwa kuivunja. Nadharia za adhabu, kuanzia Beccaria mwaka 1764, zinafahamika kwa waliomo ukumbini na hazitarudiwa. Kinachosahaulika ni kwamba hoja yenyewe ilikwisha kujaribiwa, tena kwa ukali usio na nyongeza, na matokeo yake yakaandikwa.

Mwaka 1699 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyofanya kuiba kwa siri dukani bidhaa ya shilingi 5 au zaidi kuwa kosa la kunyongwa. Aliyemkamata mwizi hadi akatiwa hatiani alipewa hati ya kumsamehe utumishi wa lazima wa parokia, na hati hiyo aliweza kumuuzia mwingine. Watu wa London wakaiita tiketi ya Tyburn, kwa jina la mahali palipokuwa na kitanzi. Mwizi aliwekewa kamba, mkamataji akawekewa zawadi. Anayedai kuwa ukali haujajaribiwa vya kutosha na aanzie hapo.

Kilichofuata kimo katika kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, zilizochapwa kuanzia 1674 hadi 1913, kesi karibu 200,000, na tangu 2003 mwenye intaneti anazisoma bure. Mhadhiri wa leo hana chanzo anachokipenda kuliko hiki. Humo muuzaji anasimulia jinsi alivyoteremsha majora ya kitambaa, mteja akapekua, akaomba la rafu ya juu, na muuzaji alipogeuza mgongo kipande kikapotelea ndani ya nguo. Mtumishi anahesabu, anakimbilia mlangoni, mali inapatikana. Ushahidi hauna mwanya. Kisha juri inatamka kwamba mshtakiwa ana hatia ya kuiba kitu cha thamani ya shilingi 4 na peni 10. Mali ilizidi hapo kwa mbali, na kila mtu mahakamani alijua. Watu 12 walioapa kusema kweli waliishusha bei makusudi ili shingo ya mtu isalimike. Blackstone, mwanasheria mkubwa kuliko wote wa karne ile, aliujua mtindo huo na kuutaja. Usomaji wa kesi hizi mfululizo, moja baada ya nyingine, unafundisha zaidi ya kitabu chochote cha nadharia: sheria ikizidi ukali, waaminifu ndio wa kwanza kuikimbia.

Si wote walioponea. Mary Jones, mama kijana mwenye mtoto wa kunyonya, alinyongwa mwaka 1771 kwa kujaribu kuchukua kitambaa dukani, baada ya mumewe kutwaliwa kwa nguvu kwenda jeshi la majini. Mbunge William Meredith alisimulia kisa hicho bungeni mwaka 1777. Wezi wa London hawakukoma.

Utetezi bora wa sheria zile ni wa mwanafalsafa William Paley, mwaka 1785: sheria itishe wengi, inyonge wachache, na hekima ya majaji ichague nani afe. Ni hoja ya mtu makini na inastahili jibu. Jibu ni kwamba tishio lisilotekelezwa mara nyingi humfundisha mwizi kutegemea bahati, na humfundisha mwenye duka kunyamaza asije akabeba damu ya mtu. Mwaka 1810 mbunge Samuel Romilly alipeleka muswada wa kufuta kunyongwa kwa shilingi 5. Baraza la chini likakubali. Malodi wakaukataa kwa kura 31 dhidi ya 11, maaskofu saba wakiwamo kati ya waliokataa. Wapinzani walimwonyesha kwamba tangu 1808, wizi wa mifukoni ulipoondolewa kitanzi, mashtaka yameongezeka. Romilly akajibu: waliokuwa wakinyamaza sasa wanashtaki. Kwa takwimu za wakati ule ni vigumu kumaliza ubishi huo. Lakini mwaka 1811 wenye viwanja vya kupausha vitambaa, watu walioibiwa wao wenyewe, waliliomba Bunge lifute adhabu ya kifo kwa wanaowaibia, kwa sababu juri zilikataa kuwatia watu hatiani. Hao hawakuwa wapole wa moyo. Walitaka mali yao ilindwe.

Asije mtu akadhani maumivu ya mwenye duka yanadharauliwa hapa. Mhadhiri alikulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, Tanga, na anajua kuwa mche mmoja wa sabuni ukiibiwa, faida ya miche kadhaa imeliwa. Mzee yule alipogundua udokozi alihamisha vitu vidogo hadi mbele ya macho yake. Supamaketi imefanya kinyume: imemkabidhi mteja rafu na kikapu, kisha inaidai mahakama ifanye kazi ya kaunta.

Sheria ya 1699 ilikuwa na kifungu kingine. Wezi waliosamehewa kifo kwa makosa madogo walikuwa wakichomwa chapa kwenye kidole gumba; sasa chapa ikahamishiwa shavu la kushoto, karibu na pua, kila mtu aione. Mwaka 1706 Bunge lilelile likaifuta. Sababu iliyotolewa ni kwamba wenye chapa hawakuaminiwa kazi yoyote, wakazidi kukata tamaa na kuiba. Miaka saba tu ilitosha.

Chapa ya leo ni ya karatasi. Kenya, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kisichozidi miaka mitatu kwa wizi wa kawaida, na sheria ya 1998 inaruhusu kosa la kiwango hicho liadhibiwe kwa huduma kwa jamii. Hapo pana busara. Lakini anayetafuta kazi ya ulinzi, benki au ughaibuni huombwa cheti cha polisi cha tabia njema, na hatia ya wizi wa maziwa ya kopo inaweza kusimama humo kama ya wizi mwingine wowote. Anayeomba viza ya Marekani huulizwa habari hiyohiyo. Huko Marekani kwenyewe, mtu aliyeiba kanda za video za dola 153.54 jimboni California mwaka 1995 alihukumiwa vifungo viwili vya miaka 25 hadi maisha, kwa sababu ya makosa yake ya zamani, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikaviachia visimame kwa kura 5 dhidi ya 4.

Uingereza, iliyoanza na kitanzi, tangu 1974 ina sheria inayozifanya hatia ndogo zikome kutajwa baada ya muda. Wabunge wa Afrika Mashariki, ambao kanuni zao za adhabu zimerithiwa kutoka dola hiyohiyo, wana wajibu wa kuandika muda wa aina hiyo kwa mtu mzima aliyeiba dukani mara moja, akalipa faini yake, na hakurudia.