Kuutazama Mwezi na Mashimo Yake

Leo twataka kusema nanyi habari za mashimo ya mwezini, na kwa nini mwezi mpevu, ambao wengi wetu huungojea, haufai kwa kuyatazama.

Sisi tukaao Morogoro twaona mfano wake kila siku katika milima ya Uluguru. Asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kila bonde lina kivuli chake, nasi twaweza kuhesabu migongo ya milima mmoja mmoja. Saa sita mchana vivuli vimekwisha, na milima yote huonekana kama ukuta. Milima haikubadilika, mwanga ndio uliobadilika.

Ndivyo ulivyo mwezi. Ukiwa mpevu, jua laumulika uso kwa uso, wala vivuli havionekani. Basi utazameni ukiwa nusu. Egemezeni darubini juu ya ukuta ili isitikisike, mkatazame pale mwanga unapokutana na giza. Siku moja au mbili baada ya mwezi kufika nusu, litafuteni shimo liitwalo Copernicus. Upana wake ni kilomita 93 hivi, karibu nusu ya njia ya Morogoro hata Dar es Salaam. Mwenye simu ya kamera aiweke penye kioo cha kutazamia, apunguze mwanga, apige picha. Lakini jua msilitazame kamwe kwa darubini, maana hupofusha.

Mashimo haya yalitoka wapi? Galileo aliyaona kwa darubini yake mwaka 1609, na wataalamu wakabishana miaka mingi. Wengi walidhani ni kazi ya moto wa chini, kama Ngorongoro, ambayo ni mlima wa moto uliobomoka. Mawe yaliyoletwa na Wamarekani waliofika mwezini kati ya 1969 na 1972 yalisaidia kuthibitisha kwamba mengi yalichimbwa na vimondo.

Dunia nayo hupigwa; kimondo cha Mbozi kingalipo. Ila huku mvua hula milima, na mto Ruvu huchukua udongo wa Uluguru hata baharini, na makovu ya kale hufutika. Mwezini hakuna mvua wala upepo, kwa hiyo kovu hudumu mamilioni ya miaka.

Basi, enyi wanafunzi, choreni mnachokiona usiku baada ya usiku, mkalinganishe. Vitu viwili vyaweza kufanana sura na asili zake zikawa mbalimbali. Wala kitu hakijulikani kwa kutazamwa mara moja, katika mwanga wa namna moja. Kwaherini.